Sufuri ya Jinja na Kina cha Ziwa Victoria

Mwezi Mei 2020 habari kutoka Jinja, nchini Uganda, zilieleza kwamba maji ya Ziwa Victoria yamefika mita 13.42 kwenye ubao wa kupimia maji ulioko huko, na hivyo yameipita kwa sentimita 1 tu alama ya mita 13.41 iliyofikiwa mwezi Mei 1964. Nchi tatu zilizolizunguka ziwa hilo zilishughulika na yale yaliyoonekana kwa macho: gati zilizofunikwa Port Bell na Kisumu, nyumba zilizoingiliwa na maji, mashamba ya mwaloni yaliyogeuka matope. Ilikuwa haki kushughulika nayo. Lakini katika tarakimu zile mlikuwamo jambo jingine, lisilopigiwa kelele, ambalo linamhusu moja kwa moja askari anayetumwa usiku kwa mashua ya doria, na nahodha wa kivuko chenye abiria mia kadhaa. Jambo lenyewe ni hili: kina cha maji kilichoandikwa juu ya ramani ya ziwa kinahesabiwa kutoka wapi?

Swali hilo laonekana jepesi. Mtu angejibu kwamba kina huhesabiwa kutoka juu ya maji hadi chini. Lakini juu ya maji ni wapi? Mwezi Oktoba 2006, miaka isiyotimia 14 kabla ya mafuriko hayo, ubao uleule wa Jinja ulionyesha mita 10 na nusu kasoro. Tofauti ya siku hizo mbili ni karibu mita 3, yaani zaidi ya kina kinachohitajiwa na vyombo vingi vinavyofanya kazi katika ziwa hilo. Mwamba ambao mwaka 2020 ulikuwa mita 4 chini ya uso wa maji, na mashua ikaupita pasipo kujua kwamba upo, mwaka 2006 ulikuwa mita 1 tu kutoka juu. Mwamba haukusogea. Kilichosogea ni maji, na pamoja nayo ule uso ambao watu huudhani kuwa ndio mwanzo wa hesabu.

Mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi wanalijua jambo hili tangu zamani, kwa sababu bahari huwafundisha mara 2 kila siku. Maji hupwa na kujaa. Siku za bamvua tofauti huzidi mita 3. Kwa hiyo ramani za bahari huandika kina cha maji yaliyokupwa sana, na nahodha huongeza mwenyewe kiasi cha maji yaliyojaa saa ile. Akikosea, hukosea kwa upande wa usalama. Ziwa halina desturi hiyo. Maji yake hayapwi kwa saa bali kwa miaka, na mtu anaweza kuanza kazi ya unahodha na kustaafu pasipo kuona kupwa kwake. Hapo ndipo ulipo udanganyifu wake.

Mwingereza John Hanning Speke alipoliona ziwa hilo kutoka upande wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, hakuwa na kipimo cha kina. Alichokifanya ni kuchemsha maji na kutazama yanachemka kwa joto gani, kisha kwa hesabu akapata mwinuko wa mahali aliposimama juu ya bahari. Alipata karibu futi 3,740. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba hakuwa mbali na ukweli, na pengine bahati ilimsaidia, kwa maana kipimajoto chake kilikuwa chombo cha safari ndefu na si cha maabara. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley akalizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akathibitisha kwamba ni ziwa moja. Ila ramani ya msafiri si ramani ya nahodha. Stanley alitafuta umbo la ziwa. Aliyehitaji kujua kilichomo chini ya maji alikuja baadaye, pamoja na reli.

Serikali ya Uingereza ilipokuwa ikijenga reli kutoka Mombasa, afisa wa jeshi la wanamaji, Kamanda Whitehouse, alitumwa kulipima ziwa ili ijulikane reli iishie wapi na meli zipite wapi. Kazi yake ilivuka mwisho wa karne ya 19 na kuingia karne ya 20, na reli ikafika mahali panapoitwa leo Kisumu mwezi Desemba 1901. Njia ya kupima kina ilikuwa ileile waliyoitumia manahodha wa majahazi: bildi. Risasi nzito hufungwa kwenye kamba yenye alama za pima na futi, mpimaji husimama ubavuni mwa mashua, huitupa mbele, na risasi ikigusa chini husoma alama iliyo kwenye uso wa maji. Kila kutupa ni namba moja. Baina ya namba na namba hakuna anachokijua mtu.

Tayari mwaka 1896, kabla ya reli, ubao wa kupimia maji ulikuwa umewekwa upande wa Entebbe. Yafaa ieleweke kwamba mbao hizo hazikulindwa kwa miaka mingi kwa ajili ya meli. Zililindwa zaidi kwa ajili ya Misri. Ziwa Victoria ni chemchemi kubwa ya Nile Nyeupe, na waliotaka kujua pamba ya Misri itanyweshwa namna gani walitaka kujua ziwa limejaa kiasi gani. Hata hivyo kuzitunza hakukuwa rahisi. Ubao wa mbao huoza, huzama kidogo katika udongo laini, au hung'olewa na kuwekwa mahali pengine na mtu asiyeandika kwamba amefanya hivyo. Ubao ukishuka sentimita 20, kitabu husema ziwa limepanda sentimita 20. Wataalamu waliozichunguza hesabu za miaka ile ya mwanzo walilazimika kuzilinganisha mbao za mahali mbalimbali ili kujua ni ziwa lililosogea au ni mti.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, ziwa hili lilikuwa mpaka wa madola mawili. Waingereza walikuwa Kisumu na Entebbe, Wajerumani walikuwa Mwanza na Bukoba. Mwezi Novemba 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil, iliyokuwa ikitumika katika shughuli za vita, iligonga mwamba karibu na Majita, upande wa Wajerumani, ikapandishwa ufukweni humo. Adui hakuhitaji mzinga ili kuipata. Kazi ya kuinasua haikufanikiwa mpaka mwaka uliofuata. Kwa jeshi lenye meli za kuhesabika kwa vidole, zilizoletwa vipande vipande kutoka Ulaya na kuunganishwa kando ya ziwa, kupoteza moja kwa mwamba lilikuwa pigo sawa na kuipoteza vitani. Mwezi Juni 1915 meli hizo ndizo zilizowachukua askari kutoka Kisumu kwenda kuushambulia mji wa Bukoba. Kuteremsha askari ufukweni penye adui kunataka mambo mengi, na mojawapo ni kujua mashua itagusa mchanga hatua ngapi kabla ya nchi kavu. Askari aliyebeba bunduki na risasi akishuka penye maji ya shingo hawezi kupigana.

Vita hivyohivyo, katika bahari za mbali, vilizaa chombo kilichokuja kuiondoa bildi. Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya kipimo cha mwangwi mwaka 1913, baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912 kwa kugonga siwa la barafu. Mwaka 1914 Reginald Fessenden alifaulu kusikia mwangwi kutoka kwenye barafu na kutoka chini ya bahari. Kisha nyambizi za Ujerumani zikawasukuma wanasayansi wa Ufaransa na Uingereza, Paul Langevin akiwa mmoja wao, watafute njia ya kumsikia adui aliye chini ya maji. Mbinu iliyotafutwa kwa ajili ya nyambizi ndiyo iliyokuja kupima vilindi. Baina ya miaka 1925 na 1927 meli ya Ujerumani iitwayo Meteor ilivuka Atlantiki ya kusini mara nyingi, ikarudi na vipimo vya mwangwi zaidi ya 60,000. Kwa bildi kazi hiyo isingekamilika katika maisha ya mtu mmoja.

Kuanzia hapo watu wengi waliamini, na hata leo wako wanaoamini, kwamba chombo cha mwangwi kinasema kina. Hakisemi kina. Kinasema muda. Sauti hutoka chini ya mashua, hugonga ardhi, hurudi, na chombo huhesabu sehemu za sekunde zilizopita. Yote mengine ni hesabu ya binadamu, na humo ndimo makosa yanapojificha.

La kwanza ni mwendo wa sauti yenyewe. Katika maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni matamu na yenye joto la nyuzi karibu 25, sauti huenda kiasi cha mita 1,497 kwa sekunde. Katika maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi, yenye joto la nyuzi 28, huenda kiasi cha mita 1,540. Chombo kilichorekebishwa katika bandari ya Dar es Salaam kikipandishwa garimoshi hadi Mwanza, na mwenye nacho asikiguse, kitaonyesha mita 41 na zaidi mahali penye mita 40. Kosa hilo ni la upande mbaya, kwa kuwa linamwahidi nahodha maji asiyokuwa nayo. Vyombo vya zamani vya Kiingereza vilipangwa kwa mwendo wa futi 4,800 kwa sekunde, yaani mita 1,463. Hivyo vingeonyesha pungufu kidogo, na upungufu huo haumuui mtu. Dawa ya kosa hili ni ya kale na inawafaa askari kuifahamu, kwa sababu inafanana na kuirekebisha shabaha ya bunduki kabla ya kwenda nayo kazini. Bamba la chuma hushushwa kwa mnyororo wenye alama, chini kabisa ya chombo, hadi mita 2, mita 5, mita 10. Chombo kikisema sawa na mnyororo, kazi huanza. Kisiposema sawa, hurekebishwa, na tofauti huandikwa kitabuni kwa tarehe na saa.

Tena chombo hakikai juu ya maji. Kimefungwa chini ya mashua, pengine sentimita 80 ndani ya maji, nazo hazina budi kuongezwa. Mashua ikijaa mafuta na watu asubuhi huzama zaidi kuliko jioni mafuta yakiisha. Ikienda kasi penye maji machache hujikalisha chini, na mawimbi huipandisha na kuishusha wakati inapima. Mpimaji hodari huyaandika yote hayo, naye hupima baadhi ya njia mara ya pili kwa kukata mistari ya kwanza. Penye makutano namba mbili zikitofautiana kwa nusu mita, ipo sababu, na sababu hiyo hutafutwa kabla mashua haijarudi bandarini.

Halafu uko uwongo wa mwangwi. Ziwa Victoria lina samaki, na samaki wana kibofu cha hewa ambacho hurudisha sauti vizuri sana. Kundi zito la dagaa, wanaoitwa mukene huko Uganda na omena huko Kenya, laweza kuchorwa kwenye karatasi ya chombo kana kwamba ni mgongo wa mwamba. Katika Ghuba ya Winam, iliyo mbele ya Kisumu, chini kuna matope laini ambayo hayana mwisho ulio wazi: sauti nyembamba hugonga juu ya matope na kurudi, sauti nzito hupenya na kurudi kutoka chini zaidi. Chombo kimoja, mahali pamoja, namba mbili. Ipi iandikwe? Desturi ya wachora ramani duniani kote ni kuandika iliyo ndogo. Katika vipimo elfu vilivyopatikana penye eneo dogo, ramani haiwezi kubeba zaidi ya vichache, na vinavyochaguliwa ni vile vyenye kina kifupi. Wastani hauna thamani hapa. Mwamba mmoja wenye mita 2 katikati ya eneo lenye mita 20 ndio unaoandikwa, na zile mita 20 huachwa.

Ziada ya hayo yote linabaki lile kubwa, nalo ni usawa wa maji wa siku ya kupima. Na ichukuliwe hesabu moja. Chombo kimeonyesha mita 6.00 kwa mwendo wa sauti wa mita 1,463. Kwa mwendo halisi wa ziwa hizo ni mita 6.14. Ukiongeza sentimita 80 za chombo kuwa ndani ya maji, kina cha siku ile ni mita 6.94. Iwapo ubao wa Jinja siku hiyo ulisoma mita 12.60, na iwapo wapimaji wamekubaliana kwamba ramani itahesabiwa kutoka usawa wa mita 10.70, basi mita 1.90 lazima zitolewe. Zinabaki mita 5.04, na ramani itaandika mita 5. Angalia jinsi marekebisho ya sauti yalivyoleta sentimita 14, ilhali marekebisho ya usawa yameleta mita 1 na sentimita 90. Penye maji machache, panapovunjika vyombo, ustadi wote wa mitambo ni mdogo mbele ya ubao wa mti uliosimamishwa majini na karani aliyeusoma kwa uaminifu.

Kuhusu ubao huo, iko hitilafu ya maneno inayofaa kuondolewa. Msikilizaji akisikia kwamba maji ya Jinja ni mita 12 au 13, asidhani kwamba hicho ndicho kina cha ziwa. Sufuri ya ubao huo iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, na mita 13 ni kiasi ambacho uso wa ziwa umepanda juu ya sufuri hiyo. Kina cha ziwa ni jambo jingine: kwa wastani ni kama mita 40, na penye kina kirefu hupita mita 80 kidogo.

Lakini hata hizo mita 1,123 zina historia yake, na ni historia ya mgawanyiko. Vipimo vya mwinuko wa ardhi ya Uganda vilikuja kutoka kaskazini, vikifuata Nile kutoka Alexandria kupitia Khartoum. Vya Kenya vilipanda kutoka Kilindini, Mombasa. Vya Tanzania vilianza katika pwani yake yenyewe. Kwa hiyo nchi hizi zilifika kwenye ufuo wa ziwa moja zikiwa na sufuri zilizozaliwa katika bahari mbili, na baada ya kuvuka maelfu ya kilometa za vilima hazikutegemewa kukutana sawasawa. Ziwa lenyewe ndilo lililoweza kuzisuluhisha. Siku ya utulivu, upepo usipovuma, uso wake wa kilometa za mraba karibu 68,800 ni kiwango kilichosawazishwa na maumbile. Mbao za Jinja, Kisumu na Mwanza zikisomwa saa moja, siku nyingi tulivu, hujulikana ipi imepishana na nyingine na kwa kiasi gani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watumishi wa nchi tatu wasome saa moja na wapelekeane vitabu.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na tangu hapo maji hayakutoka ziwani kwa amri ya miamba ya Ripon peke yake, bali kwa amri ya milango. Ilikubaliwa kati ya Uingereza na Misri kwamba milango ipitishe kiasi kilekile ambacho miamba ingepitisha kwa kila usawa wa ziwa, na mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kutazama. Muda si mrefu zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1961. Kati ya mwaka huo na mwaka 1964 ziwa lilipanda karibu mita 2.5. Vijiji vilihama, gati zikainuliwa, na uso mpya wa ziwa ukabaki juu. Ulishuka polepole kwa miaka, lakini kwa zaidi ya miaka 40 haukurudi chini ulikokuwa.

Hapa ndipo historia ya ziwa inapoingia katika vichwa vya watu. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Vivuko vya mabehewa, Umoja na Uhuru, vilikuja katikati ya miaka ya 1960. Mabaharia waliofunzwa juu ya meli hizo waliijua miamba yote ya njia zao, nao walijua wapi pa kupita kwa kutazama kilima fulani na mti fulani. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, wala haufai kudharauliwa. Ila ulikuwa ujuzi wa ziwa lililojaa. Rubani aliyesema kwamba pale hupita chombo cha mita 3 alisema aliyoyaona kwa miaka 30, na hakuwa na namna ya kujua kwamba maneno yake yana sharti ndani yake, kwamba ni kweli kwa usawa fulani wa Jinja.

Katika miaka hiyo shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki liliziendesha meli zote za ziwa chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na meli zikagawanywa baina ya nchi. Mengi yameandikwa juu ya mgawanyo wa ndege na mabehewa. Machache yameandikwa juu ya mambo madogo yanayokufa kimya shirika moja linapogeuka matatu, kama vile desturi ya nahodha wa Mwanza kupata habari kwamba taa ya upande wa Kenya imezimika, au kwamba mahali fulani pamepungua maji. Ramani pia hukaa nyuma ya matukio. Katika miaka ya 1980 mlango wa maji kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, nchini Kenya, ulizibwa kwa tuta la barabara. Aliyekuwa na ramani ya kale tu angeona maji mahali penye barabara. Baadaye tuta hilo likafunguliwa kwa daraja.

Mwaka 2006 ukawa wa majaribio. Mvua zilikuwa haba, na maji yaliyopitishwa Jinja kwa ajili ya umeme yalizidi kiasi cha yale mapatano ya zamani. Ziwa likashuka karibu na usawa wa kabla ya mwaka 1961. Meli zilipata taabu kukaribia gati, wavuvi wakaburuta mitumbwi matopeni, na miamba ambayo kizazi kizima hakikuiona ikatoka nje. Lawama ziligawanywa kati ya mvua na milango. Kwa mtu wa chombo sababu haikuwa na uzito mkubwa. Alichokosa ni ramani yenye namba zilizorejeshwa kwenye usawa uliokubaliwa, ili asome ubao, aongeze au apunguze, na ajue.

Wala si haki kuubebesha upungufu huo misiba isiyo yake. Meli ya Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, havikuuawa na mwamba usioandikwa. Mizigo, abiria kupita kiasi na hali ya vyombo vyenyewe ndivyo vilivyotajwa. Lakini waokoaji nao huenda kwa vyombo, huenda mbio, mara nyingi gizani, tena katika sehemu ambazo si njia zao za kila siku. Chombo cha uokoaji kikipanda mwamba, misiba inakuwa miwili.

Tangu mwaka 1999 taasisi za uvuvi za nchi tatu zimekuwa zikivuka ziwa kwa vyombo vya mwangwi ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Watu hao walitafuta samaki. Mwangwi wa ardhi ulikuwa kwao mpaka wa chini wa kazi. Watafiti wengine wakaona kwamba kilichotupwa na mvuvi ni mali kwa mchora ramani. Katika miaka ya 2010 namba hizo zilikusanywa, zikaunganishwa na vipimo vya ramani za zamani, na pakapatikana picha ya sakafu ya ziwa iliyo bora kuliko zote zilizotangulia. Ni kazi ya sifa kubwa. Hata hivyo kuna tofauti ambayo askari wa majini hana budi kuishika. Mistari ya wapima samaki ilipishana kwa kilometa nyingi, na ilikwepa maji machache kwa kuwa meli yao nayo ilihofia kukwama. Baina ya mistari, picha imechorwa kwa kukisia kutoka pande mbili. Mtu anayetaka kujua ujazo wa ziwa anaweza kuiamini. Anayetaka kupitisha mashua kati ya visiwa vya Ukerewe au vya Ssese usiku, hana alichoahidiwa hapo. Miamba ya ziwa hili ni mawe makubwa yaliyosimama peke yake, kama yale yanayoonekana juu ya nchi kavu mjini Mwanza, na jiwe la namna hiyo huingia baina ya mistari miwili likabaki na nafasi.

Kinachohitajika kinajulikana, nacho hufanywa kwingineko kila mwaka: mashua ndogo zenye vyombo vinavyopiga sauti nyingi kwa upana, zikipita njia za meli, milango ya bandari na mazingira ya visiwa bila kuacha nafasi, mbao za maji zikisomwa katika nchi zote tatu wakati wa kupima, na usawa mmoja wa msingi, ulioandikwa pembeni mwa kila karatasi, uleule kwa Kisumu, Port Bell na Musoma. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ilitunga mwaka 2007 sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria, kwa hiyo msingi wa kukutana upo. Polisi wa Kenya na wa Uganda wamewahi kulinda pamoja juu ya kisiwa kidogo cha Migingo, kila upande ukidai ni chake, na wote walifika hapo kwa maji yaleyale.

Maji yaliyofika mita 13.42 mwaka 2020 yameendelea kuwa juu katika miaka iliyofuata. Wapo makoplo na masajini wa vikosi vya majini walioanza kazi baada ya mwaka huo, na ziwa wanalolijua ni hili lililojaa, kama lilivyokuwa kwa mabaharia wa mwaka 1964. Mawe yaliyotoka nje mwaka 2006 yako chini yao, mahali palepale, yakiwa na karibu mita 3 za maji juu yake.